Mshairi Kwenye Noti ya Elfu Kumi

Rafiki yangu alichomoa noti kwenye pochi, akaiweka mezani kati ya sahani ya samaki na chupa ya pilipili.

"Haya, niambie huyu ni nani."

Tulikuwa Naivasha, kwenye kibanda kimoja karibu na ziwa. Yeye hufanya kazi kwenye visima vya mvuke kule Olkaria, na alikuwa amerudi karibuni kutoka Reykjavík alikopelekwa kusomea mambo ya mvuke huo huo. Kozi hiyo ya Aisilandi ilianza 1979, na Wakenya ndio waliopita pale kwa wingi. Ukikutana na mhandisi wa Naivasha anayelalamikia bei ya kahawa ya Reykjavík, usishangae.

Noti yenyewe ilikuwa ya krona 10,000, kubwa kuliko zote walizo nazo. Mbele, uso wa mwanamume. Pembeni, ndege. Nikabahatisha: rais wao wa kwanza? Mfalme wa zamani? Gavana wa benki kuu?

"Mshairi," akasema. "Tena huyu ndiye aliyewaundia jina la pengwini."

Nikacheka. Mwenzangu hakucheka. Alisema alikaa huko miezi, na kila aliyemwuliza, kuanzia profesa hadi dereva wa basi, alimjua mtu huyu kwa jina lake la kwanza tu: Jónas. Sisi mwaka 2019 tulipelekana hadi mahakamani kuhusu sanamu ya rais iliyochorwa kwenye noti zetu mpya. Wenzetu noti yao kubwa wamempa mshairi.

Tulimaliza samaki, tukaachana. Lakini lile la pengwini likaning'ang'ania kwa wiki kadhaa. Mshairi anatafuta nini kwa pengwini? Aisilandi kwenyewe hakuna pengwini hata mmoja.

Mtoto wa bonde la Öxnadalur

Jónas Hallgrímsson alizaliwa 16 Novemba 1807 kwenye shamba la Hraun, kaskazini mwa Aisilandi. Hallgrímsson maana yake mwana wa Hallgrímur, kama vile huku Pwani mtu anavyokuwa Fulani bin Fulani. Si jina la ukoo, ndiyo maana watu humwita Jónas bila kuonekana wamemkosea adabu.

Baba yake alikuwa kasisi msaidizi. Mwaka 1816 alizama katika ziwa dogo lililo juu ya shamba hilo la Hraun. Jónas alikuwa na miaka minane.

Juu ya bonde hilo kuna kilele chembamba cha mwamba kiitwacho Hraundrangi, kimechongoka hivi kwamba hakuna aliyejulikana kufika kileleni hadi 1956. Katika shairi lake la mapenzi linalopendwa mno, Jónas anaiweka nyota ya mapenzi juu ya mwamba huo, kisha anaifunika kwa mawingu ya usiku. Mtu akishasoma shairi hilo, nasikia, hawezi tena kupita barabara ile bila kuinua macho.

Akasoma Bessastaðir, akafanya kazi ya ukarani Reykjavík, na 1832 akavuka bahari kwenda Copenhagen. Aisilandi wakati huo ilikuwa chini ya Denmaki, na kijana aliyetaka chuo kikuu hakuwa na pengine pa kwenda. Akaanza sheria. Akaiacha, akaingia sayansi ya viumbe na miamba.

Mwaka 1835 yeye na wenzake watatu, Brynjólfur Pétursson, Konráð Gíslason na Tómas Sæmundsson, wakatoa jarida liitwalo Fjölnir. Toleo la kwanza lilibeba shairi la Jónas kuhusu nchi yao: linauliza utukufu wa kale umekwenda wapi. Usidhani nyumbani walipokelewa kwa vigelegele. Konráð alijaribu tahajia mpya inayofuata matamshi, na wasomaji wakaudhika hadi ikabidi mambo yarudi yalivyokuwa. Wenye nchi walikuwa hawafiki elfu sitini, na jarida lao la kuwaamsha lilikuwa likihaririwa ng'ambo na vijana wasio na pesa.

Sasa tuje kwenye pengwini.

Kitabu cha nyota

Mwaka 1842, katika kisiwa cha Viðey karibu na Reykjavík palipokuwa na mtambo wa kuchapa, kilitoka kitabu cha elimu ya nyota. Mwandishi wake alikuwa Mdenmaki, Ursin. Mfasiri alikuwa Jónas. Kichwa chake kilisema wazi kwamba kimeandikwa kwa kiasi cha mtu wa kawaida.

Hebu fikiria kazi aliyojitwika. Unaeleza kwa mkulima wa kondoo, kwa lugha ambayo kwa karne nyingi ilizoea visa vya mashujaa na mahubiri, kwamba dunia inazunguka jua kwa njia isiyo duara kamili, na kwamba kuna kani inayoivuta. Maneno hayapo. Njia rahisi ni kuchukua ya Kidenmaki au ya Kilatini na kuyapachika. Jónas akakaa chini kuyaunda.

Kani ya uvutano akaiita aðdráttarafl: aðdráttur ni kule kuvuta kitu kije kwako, afl ni nguvu. Yaani nguvu ya mvuto, sawasawa na tulivyofika sisi kwa njia yetu wenyewe. Ukanda wa joto ulioko kando ya ikweta akauita hitabelti, mkanda wa joto. Mimi ninayeandika haya nimezaliwa ndani ya neno hilo, na yeye hakuwahi kuliona jua la huku.

Katika maandishi yake kuhusu wanyama ndimo alimotokea pengwini: mörgæs. Gæs ni bata bukini, mör ni shahamu. Bata bukini wa shahamu! Ukimtazama pengwini akitembea, utakubali kwamba mpewa jina hana pa kukatia rufaa.

Lakini neno lililonishika kabisa ni ljósvaki.

Wanasayansi wa wakati ule waliamini kwamba nuru haiwezi kusafiri katika utupu mtupu. Lazima pawe na kitu laini kisichoonekana kinachoibeba, walichokiita etha. Jónas akachukua ljós, nuru, akaiunganisha na vaki, kiamshacho. Kiamsha nuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 fizikia ikaitupa etha jalalani: haipo, haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo neno likabaki bila kitu cha kuitwa. Mahali pengine lingezikwa na nadharia yake. Wao walipopata redio, na baadaye televisheni, wakaliona limekaa bure, wakalipa kazi: leo vyombo vya utangazaji huitwa kwa neno hilo hilo. Jina la kitu kisichokuwapo limekuja kuwa jina la kitu kinachosikika kila nyumba.

Nilipofika hapa nikaanza kuelewa kwa nini dereva wa basi anamjua. Mashairi yake unaweza kuyakwepa ukitaka. Lakini huwezi kuingia shule Aisilandi ukatoka bila kupitisha mdomoni maneno aliyoyatengeneza mtu huyu, mengi yakiwa yamechakaa kwa matumizi hadi hakuna anayekumbuka kwamba yana fundi.

Tarakilishi

Hapo ndipo wivu ulipoanza.

Nimefundisha insha kwa watoto wa shule za msingi, na najua kinachotokea. Mtoto anaandika "tarakilishi" kwenye karatasi ya mtihani, anapata alama, anatoka getini na kumwambia mamake ameona "kompyuta" mpya. Anaandika "rununu", anapokea "simu". Anaandika "kipakatalishi" na kidole kimejikunja kwa hofu ya kukosea herufi. Maneno hayo yanaishi maisha ya sare ya shule: yanavaliwa asubuhi, yanavuliwa jioni.

Watu wengi husema tatizo ni kwamba tarakilishi ni neno la kubuni. Kwa muda nami nilisema hivyo.

Basi tazama Waaisilandi. Kompyuta kwao ni tölva. Aliyelipendekeza ni Sigurður Nordal, mwaka 1965, kwa kuchanganya tala, namba, na völva, mwanamke mwaguzi wa hadithi za kale. Mwaguzi wa namba. Sisi tulichukua tarakimu tukaiunganisha na akili. Mapishi ni yale yale! Hata viungo vinakaribiana. Lao linatamkwa na kila mtu tangu kitindamimba hadi nyanya yake; letu linasubiri mtihani.

Tofauti ninayoiona ni ya saa. Tölva lilifika wakati mashine zenyewe ndiyo kwanza zinaingia chuo kikuu chao, kabla mdomo haujazoea kitu kingine. Tarakilishi lilibisha hodi kompyuta ikiwa imeshakaa sebuleni, imevua viatu. Na neno likishakaa sebuleni, huliondoi kwa waraka wa baraza lolote.

Kuna tofauti nyingine, ndogo, ambayo naitaja kwa woga kwa sababu wenzangu wa lugha watanirukia. Maneno ya Jónas yalizaliwa ndani ya sentensi. Alikuwa anaeleza jambo, akafika mahali pasipo na neno, akaliunda ili aendelee mbele. Msomaji alikutana na aðdráttarafl katikati ya maelezo ya kwa nini mwezi hauanguki, akiwa na hamu ya kujua. Yetu mengi huzaliwa kwenye orodha: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, mstari chini. Nani amewahi kupenda neno aliloliona kwenye jedwali?

"Barua pepe" nayo ilibuniwa, na leo hakuna anayeiogopa. "Kupakua" tulilitoa jikoni, kwenye sufuria ya wali, tukalipa kazi ya pili. Kwa hiyo tunaweza. Sisemi hatuwezi.

Kikwazo changu

Hata hivyo nilipotaka kuandika makala haya mara ya kwanza, nilikwama. Mpenzi wa Kiswahili atausifuje usafi wa lugha?

Waaisilandi wana desturi ya kulinda mlango. Neno la kigeni likija, huangaliwa kuanzia kichwani hadi miguuni kabla ya kuingia. Sisi mlango wetu umekuwa wazi tangu jahazi la kwanza lilipofunga kamba. Ondoa Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kijerumani kwenye sentensi zangu hapa uone kama utabaki na kitu cha kusoma. Nikimshangilia Jónas kwa kuwafukuza Wadenmaki kwenye kamusi, si nitakuwa namshangilia yule mtu anayesema Kiswahili "halisi" ni kile kisicho na Kiarabu? Mtu huyo nimebishana naye miaka, sina nia ya kumpa silaha.

Makala yakalala. Nilichokuwa sijakifanya ni kuyasoma mashairi yenyewe kwa makini, nikiangalia umbo lake na kusahau kamusi kidogo.

Jónas, mlinzi wa mlango wa mbele, alikuwa ameacha wa nyuma wazi kabisa.

Shairi lake la 1838 kuhusu Gunnar, yule shujaa wa kale aliyekuwa anakwenda uhamishoni, akageuka akaona mteremko wa kwao ulivyo mzuri, akarudi nyumbani kufa, limetungwa kwa beti za mistari mitatu mitatu zinazoshikana kama Dante alivyotunga kwa Kiitaliano. Yeye ndiye aliyetunga soneti, lile shairi la mistari kumi na minne, ya kwanza ya Kiaisilandi. Alimfasiri mshairi Heine kutoka Kijerumani, na shairi lile la ufunguzi wa Fjölnir lina mizani ya Wagiriki na Warumi. Maneno yote ya kwao. Maumbo mengi ya wageni.

Na wageni hao aliwavisha kanzu ya nyumbani. Ushairi wa Kiaisilandi una sharti la zamani: katika kila jozi ya mistari, maneno mawili ya mstari wa kwanza huanza kwa sauti moja, na neno kuu la mstari wa pili huijibu kwa sauti hiyo hiyo. Soma kwa sauti, hata kama huelewi:

*Snemma lóan litla í*
*lofti bláu dirrindí*

Lóan, litla, lofti. Umesikia? Soneti ilipoingia Aisilandi ilibidi ijifunze kugonga hivyo kabla ya kupewa kiti.

Sisi tumefanya kinyume chake. Maneno tumeyapokea kutoka kila bandari bila kuuliza pasipoti, lakini umbo la shairi tukalilinda kwa mapanga. Kumbuka vita vya mashairi huru. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kuna waliosema kile si ushairi hata kidogo, hakina vina, hakina mizani, ni nathari iliyokatwa vipande. Watu wale wale ambao beti zao zilijaa Kiarabu, na hawakuona ajabu yoyote, kwa sababu ajabu haikuwapo.

Kila lugha, naona, huchagua ukuta wa kulinda na ukuta wa kutoboa dirisha. Kikwazo changu kikalainika hapo. Jónas hakuwa mtu wa kufunga nyumba. Alijua tu ni dirisha lipi analotaka.

Kusi

Hiyo soneti ya kwanza aliitunga Denmaki, ikatoka 1844, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni salamu. Mtu yuko mbali na kwao, upepo wa kusini unavuma kwa upole, na mawimbi madogo yote yanainuka kuelekea nyumbani.

Nimejaribu kuifasiri na mstari wa kwanza ulinijia bila jasho, kwa sababu sisi upepo wa kusini una jina lake: kusi. Kusi linapumua, na vimawimbi vinaamka kwenda kaskazini. Nahodha yeyote wa Lamu angeelewa mstari huo kabla ya kuelezwa lolote kuhusu Aisilandi.

Kisha anayatuma. Mawimbi, busuni mashua iliyo penye samaki. Upepo, vuma kwa uvuguvugu mashavuni. Wewe ndege mwaminifu, mleta habari za machipuko, ukifika bondeni ukamwona malaika mwenye kofia na shada jekundu, aliyevaa fulana ya sufu, huyo ni msichana wangu.

Malaika mwenye fulana ya sufu! Hapo ndipo nilipompenda. Angeweza kumpa mabawa na taji kama kila mshairi wa mapenzi wa Ulaya wa zama zile. Yeye akampa nguo ambazo msichana wa shambani huzivaa kweli, na shairi likasimama.

Ngazi

Usiku mmoja wa Mei 1845, akirudi kwenye chumba chake Copenhagen, aliteleza ngazini, akavunjika mguu. Akajikokota hadi kitandani, hakumwita mtu. Asubuhi walipomkuta wakamwuliza kwa nini alilala na maumivu yale peke yake, akasema hakutaka kumsumbua yeyote, maana alijua hawezi kupona. Hospitali, usiku wa mwisho, aliomba taa iachwe ikiwaka na akasoma riwaya ya kuchekesha hadi alfajiri. Akafa tarehe 26, akiwa na miaka 37. Uso tunaomjua nao leo chanzo chake ni michoro ya Helgi Sigurðsson, Mwaisilandi mwenzake aliyemchora akiwa maiti.

Mwaka 1946, nchi ikiwa jamhuri kwa miaka miwili tu, mifupa yake ilifukuliwa Copenhagen ikarudishwa kwao. Serikali ilitaka azikwe Þingvellir, mahali pa bunge lao la kale. Mwenye kiwanda mmoja akalichukua jeneza akalipeleka kaskazini hadi bonde la Öxnadalur, akitaka alale kwao. Kasisi akakataa kuzika, jeneza likarudishwa kusini, likazikwa siku yake ya kuzaliwa. Wengine wanasema hata mifupa yenyewe pengine si yake, kwa kuwa kaburi lile lilikuwa limezikwa watu wengine pia. Halldór Laxness, aliyekuja kupata Nobeli 1955, aliicheka shughuli yote hiyo ndani ya riwaya, na kusema kweli ilistahili kuchekwa. Kuanzia 1996 wamempa kitu kisichohitaji mifupa: 16 Novemba ni siku ya lugha ya Kiaisilandi.

Kunguru

Imebaki habari moja ambayo sijaimeza.

Ile mistari miwili ya lóan niliyokuandikia inatoka kwenye shairi ambalo watoto wa Aisilandi huliimba. Lóa ni yule ndege wa kwenye noti, mleta habari za machipuko. Asubuhi na mapema anaimba juu angani, anamsifu Mpaji kwa ukarimu wake, anasema ana makao kwenye vichaka vya matunda na watoto wadogo wanaongoja kulishwa wadudu. Ubeti wa mwisho nimejaribu kuutia kwenye mizani yetu:

*Akashuka kwa furaha, jua lang'ara mbinguni,*
*Nchi yote ina raha, maua tele njiani,*
*Kwa wanawe wenye siha, wangojao kiotani,*
*Kunguru hana mzaha, kawala wote yakini.*

Watoto wanaliimba hilo. Kwa sauti tamu.

Vina vimekaa, mizani imetimia, na mwenyewe Jónas angenichuna ngozi. "Siha" imeletwa na kina cha kati. "Yakini" haina kazi yoyote isipokuwa kufunga mlango. "Hana mzaha" ni porojo. Yeye alisema kunguru amewala wote nusu saa iliyopita, basi. Hiyo nusu saa ndiyo inayoua. Mimi sikupata pa kuiweka.

Nasema angenichuna kwa sababu kuna mtu aliyechunwa kweli. Mwaka 1837 Jónas aliandika katika Fjölnir uhakiki wa utenzi wa Sigurður Breiðfjörð, mtunzi wa rímur. Rímur ni tenzi ndefu za visa ambazo watu walighaniana jioni za baridi, mikono ikisokota sufu. Zilikuwa chakula cha watu. Jónas akauchambua utenzi wa Sigurður ubeti kwa ubeti: maneno ya kujazia mizani, mafumbo ya kurithi yasiyo na maana tena, kisa chenyewe hakina kichwa. Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Lakini kuna ladha ya raha ndani ya ukali ule, na kila nikiusoma najiuliza kijana aliyekuja kufasiri kitabu cha nyota kwa ajili ya mtu wa kawaida alikuwa anaonaje jioni za mtu huyo wa kawaida.

Watunzi wetu nao wana inkisari na mazida, wanafupisha na kurefusha neno ili mizani itoshe, na mkutano wa malenga hausambaratiki kwa hilo. Msikilizaji anasamehe kwa sababu sauti inamchukua. Jónas alisoma rímur kwa macho, akiwa Copenhagen. Zilitungwa kwa ajili ya koo.

Sigurður alikufa maskini Reykjavík mwaka 1846, mwaka mmoja baada ya mkosoaji wake. Heshima ya rímur miongoni mwa wasomi haikupona haraka. Lakini 1929 watu wa kawaida wa Reykjavík waliunda chama cha waghani kiitwacho Iðunn ili nyimbo hizo zisipotee, kikazirekodi kwenye sahani miaka michache baadaye, na beti za Sigurður bado zinaghaniwa humo.

Nimezisikiliza. Kizee kimoja anavuta irabu ya mwisho hadi pumzi inakaribia kumwishia, na maneno ya kujazia mizani, yale yale aliyoyadharau Jónas, ndiyo yanayompa nafasi ya kuvuta hewa. Nyota, soneti, pengwini na malaika wa fulana ya sufu, hayo yote nampa Jónas. Kwa kesi ya 1837 mimi niko upande wa Sigurður.